CIM-10, toleo la Marekani au CIM-11: goti lililochakaa tuliandike vipi katika hospitali zetu za Lubumbashi

Mgonjwa wa atrozi ya goti, yaani goti lililochakaa, haji mara moja akapona akaondoka. Anakuja leo na maumivu, anarudi baada ya miezi, anatumwa kwenye kine (mazoezi ya viungo), anapigwa radio (picha ya eksirei), anachomwa sindano ndani ya goti, na pengine miaka ikipita anafikia upasuaji. Kila hatua ina karatasi yake, na siku hizi kila karatasi inadai msimbo, yaani herufi na tarakimu fupi zinazotaja ugonjwa: mhasibu anautaka kwa ajili ya ankara, kampuni ya mgodi inautaka kabla ya kulipa boni (karatasi yake ya kudhamini matibabu), bima inautaka, na mtunza kumbukumbu anautaka ili mwisho wa mwaka ajue wangapi walikuja kwa ugonjwa gani.

Hapo ndipo mabishano yanapoanza. Mmoja anatumia kitabu cha CIM-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, cha Shirika la Afya Duniani, OMS. Mwingine ametafuta kwenye simu akakuta misimbo mirefu zaidi ya toleo la Marekani, ikamvutia. Wa tatu amesikia kwamba CIM-11, orodha mpya ya OMS, imeshaanza kazi na anaona kubaki nyuma ni aibu. Wote watatu wanaweza kuwa katika jengo moja, wakiandika juu ya goti moja, kila mtu na lake.

Msimamo wangu nautoa mapema ili msomaji ajue anasoma nani. Kwa zahanati au polikliniki ya kawaida hapa mjini, tumieni CIM-10 ya OMS, pamoja na fishi ya goti, yaani fomu ya mgonjwa, yenye sehemu chache za lazima. CIM-11 ni nzuri, tena kwa goti ni bora kuliko zote, lakini inadai programu iliyotayarishwa na watu waliofundishwa. Toleo la Marekani litumike tu pale anayelipa amelitaka kwa maandishi. Sababu ziko hapa chini, na nyingine ni nzito kuliko zinavyoonekana.

Goti lile lile katika orodha tatu

Katika CIM-10, atrozi ya goti, yaani kuchakaa kwa gegedu na mfupa wa ungio, inakaa chini ya M17. Kitabu kinaigawa kwa maswali mawili: chanzo ni nini, na ni goti moja au yote mawili. Chanzo kinaweza kuwa cha msingi, maana yake hakuna sababu nyingine iliyopatikana. Au jeraha la zamani. Au ugonjwa mwingine. CIM-11 inatumia FA01 kwa ugonjwa huo huo, nayo inaanza na chanzo, kisha upande unaongezwa kwa msimbo wa pili unaoshikizwa kwa alama ya &.

| Alichoandika daktari | CIM-10 ya OMS | Toleo la Marekani | CIM-11 |
|---|---|---|---|
| Atrozi ya msingi, magoti yote mawili | M17.0 | M17.0 | FA01.0&XK9J |
| Atrozi ya msingi, goti la kulia | M17.1 | M17.11 | FA01.0&XK9K |
| Atrozi ya msingi, goti la kushoto | M17.1 | M17.12 | FA01.0&XK8G |
| Baada ya jeraha, magoti yote mawili | M17.2 | M17.2 | FA01.1&XK9J |
| Baada ya jeraha, goti la kulia | M17.3 | M17.31 | FA01.1&XK9K |
| «Gonarthrose» (atrozi ya goti), bila neno lingine | M17.9 | M17.9 | FA01.Z |

Atrozi iliyoletwa na ugonjwa mwingine inakwenda M17.4 kwa magoti mawili na M17.5 kwa moja, na FA01.2 katika CIM-11. Hizo hukutana nazo mara chache, kwa hiyo sizisemi zaidi.

Tazameni mstari wa pili na wa tatu. Katika CIM-10 ya OMS, goti la kulia na la kushoto lina msimbo mmoja, M17.1. Na si hilo tu: M17.1 inapokea pia atrozi ya msingi ambayo daktari hakusema ni ya goti moja au mawili. Kwa hiyo mtu anayesoma M17.1 kwenye rejista hajui ni goti gani, na hata hajui kwa hakika kama ni goti moja. Huu ndio udhaifu mkubwa wa orodha ninayoipendekeza, na sitaki kuuficha. Dawa yake ni daktari kuandika upande kwa neno zima katika fishi, «droit» (kulia) au «gauche» (kushoto), si herufi D au G iliyokwaruzwa pembeni. Mgonjwa akifika kwenye sindano au kwenye chumba cha upasuaji, maneno ya fishi ndiyo yanayolinda goti lake lisilougua. M17.1 haitamlinda.

Kosa la pili linatokea magoti mawili yanapougua kwa vyanzo viwili. Tuchukue mfano. Fundi wa mgodini wa miaka 48 alivunjika sehemu ya juu ya mfupa wa muundi wa kulia miaka kumi iliyopita. Goti hilo limechakaa. Sasa la kushoto nalo linauma, radio inaonyesha atrozi, na upande huo hajawahi kuumia. Wengi wataandika M17.2 kwa sababu magoti ni mawili na jeraha lipo. Si sawa. M17.2 inasema magoti yote mawili yamechakaa kwa sababu ya jeraha. Huyu anahitaji misimbo miwili: M17.3 kwa la kulia na M17.1 kwa la kushoto. Katika toleo la Marekani ni M17.31 na M17.12; katika CIM-11 ni FA01.1&XK9K na FA01.0&XK8G. Orodha zote tatu zinakubaliana kwamba goti kila moja lisimame na chanzo chake.

Na neno «primaire», yaani ya msingi, lisiandikwe kwa mazoea. Linamaanisha mgonjwa ameulizwa na sababu nyingine haikupatikana. Kama hakuna aliyeuliza habari za kuanguka, ajali ya pikipiki barabarani, mpira wa ujana au goti lililowahi kufura kwa maambukizi, basi hatujui kama ni ya msingi. M17.9 isiyojua chanzo ni ya kweli kuliko M17.1 ya kubahatisha.

Toleo la Marekani linavutia, lakini limeshonwa kwa mwili mwingine

Ukitafuta msimbo wa atrozi ya goti kwenye intaneti, kurasa za kwanza mara nyingi ni za Marekani. Wamarekani walichukua CIM-10 ya OMS wakaipanua kwa mahitaji ya hospitali na bima zao; ikawa lazima kwao tarehe 1 Oktoba 2015. Hapo ndipo M17.11 na M17.12 zilipotoka. Mtu akiona kulia na kushoto vimetengwa, anafikiri hili ndilo toleo jipya na la OMS ni la zamani. Si hivyo. Ni tawi la nchi moja.

Kwa M17 peke yake madhara si makubwa. Ukikata tarakimu ya mwisho ya M17.11 unapata M17.1, na M17.31 inarudi M17.3. Kama mambo yangeishia hapo ningesema haya, tumieni, mpate upande bure. Tatizo ni kwamba goti halitembei peke yake. Yule fundi wetu ana jeraha la zamani, na kwa jeraha la zamani orodha mbili zinaachana kabisa. CIM-10 ya OMS ina msimbo wa T93 kwa mabaki ya majeraha ya mguu; kwake ni T93.2, mabaki ya mvunjiko wa mguu usiokuwa wa paja, unaowekwa kando ya M17.3. Toleo la Marekani halina T93. Wao wanarudia msimbo wa jeraha lenyewe na kuutia herufi S katika nafasi ya saba. Programu iliyojengwa kwa orodha ya OMS haitaitambua herufi hiyo, na ankara itarudi.

Kuna msimbo mwingine ambao kwa mji wa migodi kama wetu ni wa thamani sana: Y96. Katika CIM-10 ya OMS unaonyesha kwamba hali hii inahusiana na kazi. Haukai peke yake, unafuata ule wa ugonjwa. Ukiutafuta Y96 kwenye orodha ya Marekani hutaupata. Wao wana njia yao ya kuonyesha hilo. Polikliniki ya Lubumbashi inayohudumia wafanyakazi wa makampuni ikichagua orodha isiyo na Y96 imejinyima mstari inaouhitaji.

Halafu kuna alama ya kuuliza, na hapa naomba madaktari wasome polepole. Docta anamwona mama wa miaka 50, radio bado, anaandika «gonarthrose?» na kumruhusu aende. Kwa kanuni za Marekani za mgonjwa wa nje, kinachoshukiwa hakiandikwi kama ugonjwa. Unaandika dalili, kwa mfano M25.561, maumivu ya goti la kulia. Kwa kanuni za OMS, ugonjwa ukibaki wa kushukiwa mwisho wa huduma, na hakuna maelezo mengine, unapewa msimbo kana kwamba umethibitishwa. Yaani karatasi ile ile, yenye alama ile ile ya kuuliza, inakuwa maumivu tu chini ya kanuni moja na atrozi kamili chini ya kanuni nyingine. Mama huyo atabeba M17.9 katika kumbukumbu zake, na docta hakukusudia. Kama daktari hana hakika, aandike anachokijua: «maumivu ya goti la kulia, uchunguzi unaendelea». Hapo mtunza kumbukumbu ataweka M25.5 kwa haki, na atrozi itasubiri siku yake.

Kinyume chake pia ni kweli. Atrozi ikishathibitishwa, maumivu ya goti hilo hayahitaji msimbo wake tena. Yamo ndani ya ugonjwa. Nimeona ankara zenye M17.0 na M25.5 pamoja kwa magoti yale yale, kana kwamba mgonjwa ana magonjwa mawili. Mlipaji makini atauliza kwa nini, na atakuwa na haki.

CIM-11: bora kwa goti, ngumu kwa nyumba isiyojiandaa

Mkutano mkuu wa OMS uliipitisha CIM-11 mwezi wa tano 2019, na ikaanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022. Kwa ugonjwa wetu imerekebisha lile lililokuwa likituumiza: upande. XK9K ni kulia, XK8G ni kushoto, XK9J ni pande zote mbili. Mtu akiangalia FA01.0&XK8G hana haja ya kutafuta fishi ili ajue ni goti gani. Tena ipo kwa Kifaransa, inasomwa bure kwenye tovuti ya OMS, na chombo chake cha kutafuta kinakubali maneno ya kawaida: andika «arthrose genou» nayo inakuletea orodha. Kwa kijana anayeanza kazi ya kumbukumbu, hicho ni rahisi kuliko kufungua vitabu vitatu vya CIM-10 juu ya meza.

Kwa nini basi nisiseme kila mtu ahamie huko? Kwanza ni programu. FA01.0&XK9K ina alama kumi na moja, pamoja na nukta na &. Programu nyingi za hospitali zilitengenezwa kupokea herufi moja na tarakimu chache, na ukiingiza msimbo mrefu unakatwa katikati bila kukuonya. Unabaki na FA01.0, na upande, ambao ndio ulikufanya uhame, umepotea. Mjaribu kwanza: ingizeni msimbo mmoja mrefu, uhifadhini, ufungueni tena, uchapisheni kwenye ankara. Ukitoka mzima katika hatua zote nne, mazungumzo yanaweza kuendelea.

Pili ni anayelipa. Kampuni au bima iliyozoea M17 ikipokea FA01 inaweza kuirudisha ankara, si kwa ubaya, ila mfumo wake haujui ni kitu gani. Waulizeni kabla. Tatu ni mtandao: chombo cha kutafuta kinaishi kwenye intaneti. OMS imetoa pia njia ya kukiweka kwenye kompyuta ya hospitali kikafanya kazi bila mtandao, lakini lazima awepo mtu anayejua kukifunga na kukitunza. Hospitali kubwa zinaye. Kituo cha afya cha Katuba au Ruashi chenye kompyuta moja mapokezi huenda hakina.

Msimbo haujui zaidi ya fishi

Sasa niende kwenye jambo ninalolijali kuliko hayo yote. Tunaweza kubishana juu ya orodha mpaka usiku, lakini anayeweka msimbo hakumwona mgonjwa. Anasoma alichoandikiwa. Akiandikiwa neno moja, ataweka M17.9 katika orodha yoyote ile, hata iwe ya mwaka gani. Kwa hiyo chaguo la namna ya kuandika lina uzito kuliko chaguo la kitabu.

Kuna njia tatu ninazoziona hapa. Ya kwanza ni karne (carnet), yaani daftari la mgonjwa, daktari anaandika kwa mkono anavyotaka. Uzuri wake ni kwamba karne inatembea na mwenyewe: akitoka Kamalondo kwenda Likasi kwa mtoto wake, habari zake zinakwenda naye. Ubaya ni kwamba zikienda naye, hospitali haibaki na kitu, na mwandiko wa haraka unasahau yale yale kila mara: upande, chanzo, na goti lilichunguzwa vipi.

Ya pili ni kompyuta tupu, yaani programu yenye nafasi kubwa ya kuandika maneno. Inasomeka, na haipotei. Lakini ina ugonjwa wake: maandishi ya ziara iliyopita yanabandikwa tena leo. Goti lililokuwa na maji mwezi wa pili linaendelea kuwa na maji mpaka Desemba kwenye skrini, wakati mgonjwa mwenyewe anakunja na kukunjua vizuri. Na umeme ukikatika, daktari anaandika kwenye kipande cha karatasi ambacho hakifiki kwenye kompyuta.

Ya tatu ni fishi ya goti, ukurasa mmoja, ya karatasi au ndani ya programu, yenye maswali yaliyochapwa tayari. Hii ndiyo ninayoitetea. Haihitaji fedha nyingi, photocopie inatosha, na inamlazimisha kila mtu, docta, muuguzi, wa kine, kujibu maswali yale yale. Ninavyoona, iwe na haya.

Goti gani, kwa neno zima, na kama ni yote mawili lipi linauma zaidi. Hapa mpeni mgonjwa nafasi aseme. Ukimuuliza «mama, goti gani linakusumbua?» atakujibu «yote mawili, docta, lakini hili la kuume ndilo halinipi usingizi». Sentensi hiyo iandikwe ilivyo. Ina upande, ina uzito, na ina dalili ya usiku ambayo daktari anahitaji kuipima.

Lilianzaje, na je, kuna kuanguka, ajali au mvunjiko, mwaka gani, kazini au nje ya kazi. Swali hili moja linatenganisha M17.1 na M17.3.

Kisha uchunguzi. Vigezo vya mwaka 1986 vya chuo cha madaktari wa maungio wa Marekani bado vinafaa sana mahali ambapo radio ni ghali: maumivu ya goti pamoja na angalau mambo matatu kati ya sita, yaani umri unaozidi miaka 50, kukakamaa asubuhi kusikofika dakika 30, mlio wa kukwaruza goti likikunjwa, maumivu mfupa ukibonyezwa, mfupa wa goti kupanuka, na goti kutokuwa na joto ukiligusa. Visanduku sita, alama ya kalamu, kazi imekwisha. Sanduku la joto msilipuuze hata kidogo. Goti la moto lililofura, hasa pamoja na homa, linaweza kuwa na usaha ndani, na huo ni ugonjwa wa haraka wenye msimbo mwingine, M00. Goti lililofura na kuuma ghafla usiku mmoja linaweza kuwa gauti, M10. Kuyaita yote atrozi kwa sababu mgonjwa ni mtu mzima ni hatari.

Halafu radio, kama imepigwa: tarehe, na kama mgonjwa alikuwa amesimama. Picha ya kulala inaweza kuficha jinsi nafasi ya ungio ilivyopungua. Uzito wa mwili ndio unaoifichua. Andika daraja la Kellgren na Lawrence, kipimo cha tangu 1957 kinachoanzia 0 hadi 4. Daraja la 2 lina vichomozi vya mfupa vilivyo wazi. La 3 nafasi imepungua kwa hakika. La 4 nafasi karibu imekwisha na mfupa umebadilika umbo. Daraja hili halimo katika msimbo wa ugonjwa katika orodha yoyote kati ya zile tatu. Goti la daraja la 2 na la daraja la 4 yote ni M17.1. Mlipaji akiuliza kwa nini huyu anapasuliwa na yule anapewa mazoezi, jibu liko kwenye fishi peke yake.

Mwisho, anaweza nini na hawezi nini: kupanda ngazi, kuchuchumaa, kupiga magoti kanisani au msikitini, kutembea kutoka nyumbani mpaka soko la Kenya bila kupumzika. Kuna madodoso rasmi ya kupima hili. WOMAC ina maswali 24, KOOS ina 42. Ni mazuri kwa utafiti na kwa hospitali za chuo kikuu, lakini maswali 42 kwenye foleni ya asubuhi hayajibiwi kwa ukweli. Sentensi mbili za mambo ambayo mgonjwa ameshindwa kuyafanya wiki hii zinatosha, mradi ziulizwe tena ziara ijayo.

Anayelipa ni nani

Kanuni ya kazi ya nchi yetu, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamtaka mwajiri agharimie matibabu ya mfanyakazi na ya jamaa yake. Ndiyo maana Lubumbashi boni ya kampuni ni jambo la kila siku. Lakini ajali ya kazini na ugonjwa unaotokana na kazi vina mlango wao: CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii uliochukua nafasi ya INSS, ina tawi la hatari za kazini. Yule fundi wetu akiandikiwa M17.1 katika goti la kulia, makaratasi yanasema amechakaa kama mtu mwingine yeyote. Akiandikiwa M17.3 pamoja na T93.2 na Y96, na fishi ikataja mwaka na mahali alipovunjika, makaratasi yanasimulia habari yake jinsi ilivyokuwa. Msimbo haumpi haki peke yake. Tangazo la ajali la wakati ule linahitajika. Lakini msimbo usio sahihi unaweza kumfungia mlango kabla hajabisha.

Na nasema kwa msisitizo ule ule upande wa pili: daktari asiandike «post-traumatique» (baada ya jeraha) kwa kumhurumia mgonjwa ambaye hakuumia. Kupiga magoti, kuchuchumaa na kubeba mizigo mizito kwa miaka kunaongeza hatari ya atrozi, na hilo liandikwe wazi katika historia ya kazi, pamoja na uzito wa mwili. Si lazima libadilishwe kuwa ajali.

Basi uchague lipi?

Kituo cha afya au zahanati ndogo: CIM-10 ya OMS na fishi ya karatasi. Bandikeni misimbo saba ya M17 ukutani, pamoja na M25.5, M00, M10, T93.2, T93.3 na Y96. T93.3 ni ya mabaki ya goti lililoteguka au kuchanika kano. Hamhitaji zaidi.

Polikliniki yenye mikataba na makampuni: CIM-10 ile ile, fishi ndani ya programu, na upande uwe sehemu ya lazima, programu isikubali kufunga ziara bila huo. Bima ya nje ikidai toleo la Marekani, tengenezeni ubadilishaji wakati wa ankara tu, ufanywe na mtu mmoja anayeijua kazi hiyo, na rejista ya ndani ibaki ya OMS. Kutoka M17.1 kwenda M17.11 au M17.12 hakuwezekani bila fishi inayotaja upande. Kutoka huko kurudi M17.1 ni kukata tarakimu moja.

Hospitali kubwa inayofundisha wanafunzi, yenye mtu wa kompyuta na huduma ya mifupa ndani: anzeni CIM-11 sasa, lakini katika huduma moja kwanza, na mifupa inafaa kuwa ya kwanza kwa sababu faida ya upande inaonekana siku hiyo hiyo. Kwa muda wekeni misimbo miwili kwa kila mgonjwa, M17 na FA01, ili takwimu za mwaka huu zilinganishwe na za jana. Na mgonjwa akishawekewa goti bandia, goti hilo halina atrozi tena: msimbo wake ni Z96.6, kuwepo kwa ungio bandia, na M17.1 ibaki kwa lile lingine kama nalo linaugua. Wanafunzi wafundishwe hilo mapema, kwa kuwa ndilo wanaloliacha likajirudia katika fishi ya mgonjwa kwa miaka.